Kijiti cha Serikali na Bustani ya Bondeni

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote inayouzwa dukani, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Akihisi kwamba amewahi kupanga foleni katika ofisi zake, basi hilo ni kosa la kumbukumbu yake, si langu. Makosa yangu mimi ni mengine, na nitayafikia.

Katika nchi hiyo nilikuwa Mtunza Kijiti wa Serikali kwa miaka ishirini na sita.

Kijiti chenyewe kilikuwa cha mpingo, hakikuzidi urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Kilichongwa siku ile Waziri wa kwanza wa Usafi na Haiba alipovua kiatu mbele ya mashahidi watatu, akapanda juu ya meza, kifundo chake cha mguu kikapimwa kutoka kwenye kisigino. Tangu siku hiyo, jani lolote mjini lililozidi kifundo cha Waziri lilihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Waziri alikuwa mtu mfupi. Jambo hilo liliwatesa sana wenye viwanja.

Kijiti kililala ofisini mwangu, ndani ya kasha la kioo, juu ya kimto cha mahameli. Kila kazi ya kufyeka ilianza nami. Nilikwenda na kasha, nikakisimamisha kijiti kwenye majani, nikatamka kwa sauti, "Yamezidi," kisha nikatia sahihi. Bila kijiti hakuna fyekeo lililoruhusiwa kunyanyuliwa. Hivyo ndivyo inavyokwenda nchi yenye sheria.

Niliistahili kazi ile. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja, katika darasa la ngumbaru, nikitoka kubeba magunia ghalani, na sikuishia hapo. Nilijifunza mwenyewe hesabu za eneo na lugha ya barua za kiofisi. Siku Wizara ilipotaka kuandika Mwongozo wa Mapokezi ya Viongozi, wenye shahada wote walikuwa semina, nikauandika mimi, kurasa arobaini na mbili, kwa mkono, bila kufuta hata neno moja. Kifungu cha kumi na nne kilipendwa kuliko vyote: "Mahali popote atakapopita kiongozi, majani yatafyekwa hadi chini ya Kijiti, majani makavu yatafagiwa, na mashina ya miti pamoja na mawe yatapakwa chokaa." Walikinakili wakakitundika ukutani katika kila ofisi.

Kifungu cha hamsini na tisa, katika ukurasa wa arobaini na moja, hakuna aliyekitundika. Kilisema: "Kifungu cha kumi na nne hakitatumika pale ambapo majani yenyewe ndiyo kazi iliyokusudiwa." Nilikiweka kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa Chuo cha Kilimo. Nilikionea fahari kimoyomoyo, maana kilikuwa kifungu cha mtu aliyefikiri. Msomaji akikumbuke. Mimi nilikisahau siku niliyotakiwa kukikumbuka.

Hapana. Sikukisahau.

*

Katikati ya mji palikuwa na bonde lililoitwa Bustani ya Ushindi. Juu yake, kilimani, zilikaa wizara zote kumi na tisa, zimemwagiwa zege mpaka kwenye shingo za miti. Chini yake lilikuwa soko la Bondeni. Mvua ikinyesha, maji ya wizara zote yalishuka pamoja, yakapita juu ya ukoka wa Bustani ya Ushindi kama yanapita juu ya jamvi, yakaingia sokoni. Mvua isiponyesha, magari mawili ya maji yalikuja kila asubuhi kunywesha mawaridi, na mawaridi yalikufa vilevile. Jina la Ushindi lilitolewa kabla ya mapambano.

Sokoni palikuwa na baraza kubwa la mawe lenye ngazi tano. Bi Nyamizi, mkaanga vitumbua, aliweka jiko lake chini kabisa. Maji yalipoingia, alilihamisha ngazi moja moja, akiendelea kukaanga. Ngazi ya nne ilikuwa mwisho wa vitumbua na mwanzo wa kuogelea.

Ndipo Idara ya Bustani ya Wizara yetu ikaajiri mtaalamu, Bi Sihaba Lwenda, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Siku ya kwanza hakuuliza ofisi yake iko wapi. Aliuliza maji yanapita wapi. Alisimama mvua nzima chini ya mwavuli, akichora. Kisha akaomba vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuiomba Serikali: matofali yaliyovunjika, kokoto, mchanga mnene, na kuachwa peke yake. Vitatu vya kwanza alipewa.

Aling'oa ukoka. Alichimba mabonde mapana yasiyo na kina, akayajaza vifusi na mchanga, akapanda mafunjo na matete pale chini, nyasi ndefu za porini kandokando, na migunga na mikuyu kwa juu. Baada ya mwaka mmoja nilipita na kasha langu, nikakuta majani yamenifika kifuani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hili ni pori."

"Ndiyo, baba. Umewahi kusikia pori limeomba gari la maji?"

"Na haya makavu utayaondoa lini?"

"Hayo ndiyo shuka la udongo. Ukimfunua mtu shuka kwenye jua la saa nane mchana, umemsafisha?"

Nikacheka. Akachimba kwa jembe akanionyesha mzizi mmoja wa nyasi, akaufuata, akaufuata, mpaka akaingia shimoni mwenyewe kufikia kiunoni, na mzizi ukawa bado unaendelea. "Jua likiwaka zinakauka juu, chini ziko hai," akasema kutoka shimoni. "Mafuriko yakija zinalala, yakiondoka zinaamka. Ninachoogopa mimi si jua wala maji, baba. Ni hilo kasha lako."

Hapo nilifanya jambo ambalo hadi leo nalionea fahari na aibu kwa kiasi kilekile. Mwongozo ulikuwa waraka wa siri, una nakala mbili tu: moja yangu, nyingine ya Mkurugenzi, ambayo kamba yake ilikuwa haijafunguliwa tena tangu kinakiliwe kifungu cha kumi na nne. Nilimwita Bi Sihaba ofisini nikamfunulia ukurasa wa arobaini na moja.

Akasoma mara mbili. "Nani kaandika hiki?"

"Mimi."

"Basi, baba," akasema, "sihitaji kujenga uzio. Uzio ni wewe."

Nikamwambia alale usingizi.

*

Ukame ukaja, ukakaa miaka miwili. Nyasi za Bi Sihaba zikawa na rangi ya simba, zikatikisika, zikabaki. Minana wakajenga viota kwenye matete, na makarani wa wizara wakawa wanashuka kula chakula chao cha mchana chini ya mikuyu, jambo lililochunguzwa na Usalama kwa sababu walionekana kufurahi.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Bondeni, watu walipanda juu ya baraza wakangoja. Maji yalifika ngazi ya kwanza, yakasita, yakarudi. Bi Nyamizi alishuka na upawa mkononi akayatazama kama mgeni aliyekataa chakula.

"Yamekwenda wapi?" akauliza.

"Yananywewa," akamjibu Bi Sihaba.

Siku hiyo vitumbua vya Idara ya Bustani vilikuwa vya bure.

Habari njema katika nchi ile haikuruhusiwa kuzagaa bila mwenyewe. Haukupita mwezi, Ikulu ikatangaza kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye bustani ile ilikuwa wazo lake tangu utotoni, angekuja kuifungua rasmi.

Siku tano kabla ya ufunguzi, Bwana Makeke, Mkurugenzi wa Usafi na Haiba, alikuja kukagua, amevaa viatu vyeupe.

"Bustani yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Umesimama ndani yake, mkuu," akasema Bi Sihaba.

"Hapa? Mimi nilidhani tunapita njia ya mkato! Mama, Mtukufu atafungua nini hapa? Kichaka? Kichaka kimefunguka chenyewe tangu kuumbwa kwa dunia!"

"Mkuu, haya majani ndiyo yaliyozuia maji yasiingie sokoni."

"Hakuna anayekataa. Yamefanya kazi nzuri. Sasa yapumzike." Akanigeukia. "Mzee Kilemile, njoo ofisini."

Ofisini alinipa kiti, jambo lililonitisha. Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa orodha ya Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Majina sita, matano yenye herufi za shahada nyuma yake. La sita lilikuwa langu, limesimama peke yake bila herufi yoyote, kama mtu aliyekuja harusini bila kadi.

"Mtukufu atakuvisha kwa mkono wake," akasema. "Pale pale bustanini. Sasa niambie, wewe ndiye mwenye kijiti. Yale majani yamezidi au hayajazidi?"

"Mkuu, kuna kifungu ambacho…"

"Nimekuuliza habari za majani, mzee. Sikukuuliza habari za vifungu."

Niliitazama orodha. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa ngumbaru aliyetuambia kwamba herufi haimjui mzee wala kijana. Niliwakumbuka wenye shahada walioniita "Profesa wa Magunia", wakidhani sisikii.

"Yamezidi," nikasema.

Na ni kweli, yalikuwa yamezidi. Msomaji anaweza kwenda kupima.

*

Wafyekaji arobaini walikuja Alhamisi asubuhi. Nilisimamisha kijiti kwenye nyasi, kikapotea humo kama sindano, nikatamka neno langu, nikatia sahihi. Bi Sihaba alikuja anakimbia, kiatu kimoja kimeachia.

"Baba! Waambie! Ukurasa wa arobaini na moja!"

"Utaratibu unaendelea, mwanangu."

"Waambie tu kwamba kipo!"

Nilikuwa nimeinama napangusa kijiti kwa kitambaa. Nilikipangusa kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Kufikia adhuhuri mafunjo, matete na nyasi vyote vilikuwa chini. Alasiri walifagia majani makavu hadi udongo ukang'aa. Kisha wakapaka chokaa mashina, mawe, na chura mmoja aliyechelewa kufanya uamuzi. Ijumaa likaja gari la kushindilia barabara, likashindilia ardhi yote ili viti elfu tatu visiyumbe. Kwa kuwa mahali palionekana patupu mno, Mkurugenzi aliagiza maua ya plastiki, akasisitiza yawe ya aina isiyohitaji maji.

Bustani iliyostahimili jua la miaka miwili na mvua ya siku mbili haikustahimili kufunguliwa.

Jumamosi Mtukufu alihutubia kwa saa mbili na nusu. "Ndugu wananchi! Wapo watu wanaozunguka wakisema hali ya hewa inabadilika. Nani kaibadilisha? Kwa kibali cha nani? Katika nchi hii hakuna kitu kinachobadilika bila mimi kujua! Bustani hii, niliyoiota nikiwa mtoto, itastahimili jua! Itastahimili mvua! Itawastahimili hata wasiotutakia mema!"

Tukapiga makofi. Akakata utepe. Hapakuwa na jani lililofika urefu wa utepe huo, wala hata upana wake.

Kisha akanivisha nishani. Mkono wake ulikuwa laini, na alinichoma kidogo kwa pini, kifuani upande wa kushoto. Mke wangu alisema ni bahati. Mimi nilimtafuta Bi Sihaba katika watu elfu tatu ili nisimtazame.

*

Mvua ya vuli haikualikwa. Ilikuja siku ya tisa, saa kumi jioni, soko likiwa limejaa. Maji ya wizara kumi na tisa yalishuka kama zamani, yakakuta ardhi imeshindiliwa, imefagiwa, imenyooka, tayari kwa kiongozi, yakapita kwa heshima zote. Ndani ya nusu saa yalikuwa ngazi ya nne. Bi Nyamizi, ambaye kwa misimu miwili alikuwa amesahau kuhama, aliruka na karai la mafuta ya moto mkononi. Mguu ukateleza. Mafuta yakammwagikia kutoka bega mpaka kiganja.

Nilifika kesho yake kwa kuwa Idara ilitaka taarifa. Alikuwa amekaa juu ya baraza, mkono umefungwa bandeji, jiko lake limeelea hadi kituo cha polisi. Hakunitukana. Aliitazama nishani, maana nilikuwa naivaa kila siku.

"Mzee wa Kijiti," akasema, "yale majani yetu mliyapeleka wapi?"

Nikafungua daftari la taarifa, nikaandika: ngazi ya nne.

Serikali iliunda Tume. Tume ilikaa wiki tatu katika hoteli iliyo kilimani, mahali ambapo mafuriko yangeonekana vizuri kama yangerudi. Bi Sihaba aliitwa kama mshtakiwa, mimi kama shahidi mtaalamu.

"Ulipanda majani yaliyozidi Kijiti," akasema Mwenyekiti. "Unakubali?"

"Nakubali. Mwongozo unaruhusu."

"Unao Mwongozo?"

"Ni wa siri, sinao. Lakini aliyeuandika yuko hapa. Mwulizeni kama hakuna kifungu kingine kinachohusu majani."

Wajumbe wote saba wa Tume wakanigeukia. Mkurugenzi Makeke alikuwa amekaa pembeni, anachokonoa meno. Chumba kilikuwa na kipoza hewa, lakini pale pini iliponichoma palianza kuwasha.

"Mzee Kilemile," akasema Mwenyekiti, "kuna kifungu kingine?"

"Mheshimiwa," nikasema, "kifungu cha kumi na nne kinajitosheleza."

Bi Sihaba alikusanya karatasi zake. Alipofika mlangoni akasema, "Asante, baba," akatoka.

Tume ilibaini kwamba bustani ndiyo iliyosababisha mafuriko, kwa kuyanywa maji ya misimu iliyopita bila kibali, hata maji yakaweka kinyongo, yakaja yote kwa pamoja. Bi Sihaba akaachishwa kazi. Bonde likaamriwa lifyekwe kila Jumamosi mpaka zege lipatikane.

*

Jumamosi ya tatu nilipokwenda kupima, niliona kitu katikati ya mawe ya chokaa. Vidole vya kijani, vyembamba, vimepasua ardhi iliyoshindiliwa. Mizizi haikuwa imesoma ripoti ya Tume. Bado machipukizi hayo yalikuwa chini ya kijiti, lakini wiki moja tu ingeyatosha kuzidi.

Nikashuka Bondeni. Bi Sihaba alikuwa ameweka kitalu cha miche katika makopo ya maziwa, karibu na jiko jipya la Bi Nyamizi, ambaye sasa alikaanga kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, Mzee wa Kijiti," akasema Bi Nyamizi. "Umekuja kupima vitumbua? Vyangu vimevimba kidogo, usinifunge."

"Nimekuja kwa Bi Sihaba. Nimekuja kusema juu ya ule ukurasa."

Bi Sihaba aliendelea kumwagilia. "Sema, mzee. Uliusahau?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema ndiyo.

"Sikuusahau."

Bi Nyamizi akaacha upawa. "Loo! Bora ungeusahau."

"Nifanye nini?" nikauliza.

"Mimi si Tume," akasema Bi Sihaba. "Siwezi kukusafisha." Akahamia kopo jingine. "Ila yale machipukizi yanahitaji wiki sita bila fyekeo. Masika inaanza wiki ya saba."

Bi Nyamizi akanifungia vitumbua viwili katika gazeti, akakataa shukrani.

Jumamosi iliyofuata wafyekaji arobaini walinisubiri wameegemea mafyekeo. Nikaingia katikati ya machipukizi, nikapiga magoti, nikafungua kasha. Nikakisimamisha kijiti kama nilivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Usiku kulikuwa na manyunyu, udongo palipopasuka ulikuwa mwororo. Nikaweka kidole gumba juu ya kijiti, nikasukuma. Kiliingia kama kilikuwa kinasubiri kuambiwa. Nikasawazisha udongo, nikainuka, nikawaonyesha wafyekaji kasha tupu.

"Kijiti kimepotea," nikasema.

Walinitazama. Kisha, kwa kuwa ilikuwa nchi yenye sheria, wakakaa chini.

Bwana Makeke alikuja na viatu vyake vyeupe, akapiga kelele: "Fyekeni mkitafute!" Mwanasheria wa Idara akamnong'oneza kwamba bila Kijiti hakuna ruhusa ya kufyeka. "Basi kipatikane kwanza!" Mwanasheria akamnong'oneza kwamba bila kufyeka hakiwezi kupatikana. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Kifundo ili kuchonga kingine. Lakini Waziri wa sasa alikuwa na jongo, kifundo chake kilivimba asubuhi na kunywea jioni, na Kamati ikashindwa kuamua nchi ipimwe saa ngapi.

Wakiwa bado wanajadili, wiki sita zikapita. Masika ikapiga siku nne. Nilikaa juu ya baraza la Bondeni nikihesabu ngazi. Maji yalifika ya pili, yakakaa hapo mpaka jioni, yakaondoka. Si ya kwanza kama kabla ya kufyekwa, maana mizizi mingine haikurudi. Bi Nyamizi alihamisha jiko mara mbili tu, kwa mkono wa kushoto.

Nimestaafu sasa. Nishani iko katika kasha la kioo, juu ya kimto cha mahameli, mahali palipokuwa pameachwa wazi. Bi Sihaba hakurudishwa kazini, na bonde lina kibao chenye jina la Mtukufu, ambacho nyasi zimekificha nusu. Mkono wa Bi Nyamizi haukunyooka. Ukweli niliuandika kwa Tume, kurasa tatu, bila kufuta neno. Walinijibu kwamba Tume ilishavunjwa, na kwamba mwandiko wangu ni mzuri.

Jana nilikuwa napita kando ya matete, nikakutana na Bi Sihaba amebeba miche miwili. Nikasimama. Yeye alinisalimu kwanza, kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikajibu, nikabaki nimesimama, nikisubiri lile neno jingine aliloniita zamani. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye majani, nayo yakafunga nyuma yake.